Nani Ameshika Tochi? Historia ya Stima Isiyopotea, Kutoka Leiden Hadi Kakamega

Mnakumbuka Julai ya 2023? Kama ulikuwa kwenye TikTok wiki hizo, lazima uliona ile video. Kipande kidogo cheusi kama kokoto ya makaa kimekaa juu ya sumaku, na upande wake mmoja umeinuka hewani. Tarehe 22 Julai, watafiti wa Korea Kusini waliweka makala mtandaoni wakisema wamepata kitu kinachopitisha stima bila kupoteza hata chembe, tena bila baridi kali ya maabara, kwenye joto la kawaida tu la chumba. Kikaitwa LK-99. Intaneti ikapandwa na wazimu. Ati stima itakuwa bure. Ati treni zitaelea.

Kufikia katikati ya Agosti, hadithi ilikuwa imeisha. Maabara baada ya maabara zilikipika upya na hazikupata kitu. Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza fuwele safi kabisa ya LK-99 na ikakuta kwamba hata stima ya kawaida haipiti humo vizuri. Uchafu uliochanganyika ndani, mchanganyiko wa shaba na salfa, ndio uliokuwa umewachezea watu. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 25 Agosti, Kenya karibu yote ikaingia giza. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulizima. Kwa hivyo mwezi huo mmoja tulizimiwa ndoto, halafu tukazimiwa taa.

Wengi walicheka wakaendelea na maisha. Mimi nikabaki na swali moja: nani aliamua kwamba LK-99 ni bure? Jibu ni fupi na linauma kidogo. Ni wale walio na vifaa. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia tu simu.

Leo nataka tupitie historia ya hivi vitu vinavyopitisha stima bila hasara. Wanasayansi huviita superkondakta, na kwa zaidi ya miaka 110 sasa vimewatoa jasho. Ukiifuata historia yake utaona kitu ambacho vitabu vya shule haviweki wazi. Akili ziko kila mahali, hata huku kwetu magharibi mwa Kenya. Lakini kila mara mlango ulipofunguka, aliyeingia kwanza ni yule aliyekuwa ameshika tochi.

Leiden, mji uliomiliki baridi

Tuanze Uholanzi. Mwaka wa 1908, profesa Heike Kamerlingh Onnes wa Chuo Kikuu cha Leiden alifanikiwa kugeuza gesi ya heliamu kuwa maji. Heliamu ni ngumu kuliko gesi zote katika shughuli hiyo, kwa sababu inahitaji karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa takriban miaka 15 iliyofuata, Leiden ilikuwa mahali pekee duniani pa kupata heliamu ya maji.

Aprili 1911, Onnes na wenzake walichukua zebaki, wakaitumbukiza kwenye baridi hiyo, wakapitisha stima. Walitarajia ukinzani upungue polepole. Badala yake, ulipotea ghafla, kama mtu aliyekata waya. Kumbe haukupungua tu, uliisha kabisa. Stima ukiianzisha kwenye duara la kitu kama hicho, inaweza kuzunguka na kuzunguka bila betri.

Sasa fikiria kulikuwa na mwanafizikia mkali zaidi ya Onnes huko Cairo ama Calcutta mwaka huo. Angewezaje kugundua jambo hili? Hangeweza. Baridi haikuwepo kwake. Huu ndio mfano wa kwanza wa tochi, shikilia hapo.

Bodaboda kwenye matope

Ilichukua miaka 46 mtu kueleza kwa nini. Mwaka wa 1957, Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, walitoa maelezo yaliyowapa tuzo ya Nobel ya 1972. Wazo lao ukiliweka kwa lugha ya huku ni hivi.

Mvua imenyesha Saboti, barabara ni matope. Bodaboda ya kwanza ikipita, inaacha mfereji. Ya pili inavutwa na ule mfereji, inaufuata hata kama dereva hakupanga. Elektroni ni hivyo hivyo. Kwa kawaida elektroni mbili zinachukiana, kwa sababu zote zina chaji hasi. Lakini ya kwanza ikipita kati ya atomi, inazivuta kidogo, inaacha alama. Ya pili inafuata ile alama. Ndivyo zinavyoungana jozi jozi, na jozi zote zinatembea kwa hatua moja kama gwaride. Gwaride likishakaa sawa, mawe madogo ya njiani hayalivunji tena. Hapo ukinzani unakufa.

Gundi ya jozi hizo ni mtetemeko wa atomi. Shida ni kwamba gundi hii ni dhaifu. Joto kidogo tu, jozi zinaachana. Kufikia 1973 rekodi ilikuwa imekwama karibu nyuzi 250 chini ya sifuri, na watu wengi wakaamini hapo ndipo mwisho.

Shaba yaharibu mahesabu

Halafu, 1986, jamaa wawili waliokuwa wanafanya kazi kimya kimya katika maabara ya IBM karibu na Zürich, Georg Bednorz na Alex Müller, walijaribu kitu ambacho hakuna mtu angekidhania. Walitumia oksidi ya shaba iliyochanganywa na lanthanamu na bariamu. Ni kitu cha jamii ya kauri, binamu ya kikombe na chungu. Nani anapitisha stima kwenye chungu? Lakini kilipitisha, na kwenye halijoto ya juu kuliko rekodi yote iliyokuwepo.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1987, timu za Paul Chu na Maw-Kuen Wu huko Marekani zilipata kauri nyingine ya shaba iliyofanya kazi karibu nyuzi 181 chini ya sifuri. Bado ni baridi kali, najua. Lakini naitrojeni ya maji ina nyuzi 196 chini ya sifuri, na naitrojeni inatolewa kwenye hewa hii hii tunayopumua. Ghafla hukuhitaji tena heliamu ya bei ghali.

Tarehe 18 Machi 1987, wanafizikia walikutana kwenye hoteli moja ya New York kusikiliza habari hizi. Karibu watu 2,000 walibanana ukumbini, wengine wakafuatilia kwenye runinga nje ya mlango, na kikao kikaendelea hadi usiku wa manane umepita. Bednorz na Müller walipewa Nobel mwaka huo huo wa 1987, jambo ambalo ni nadra sana.

Lakini sherehe ilikuwa na tatizo. Ile nadharia ya 1957 haikutosha. Mtetemeko wa atomi peke yake ulionekana dhaifu mno kushikilia jozi kwenye joto hilo. Basi gundi ni gani? Manze, hadi leo hilo swali halijafungwa.

Mahindi, maharagwe, mahindi, maharagwe

Mshukiwa mkuu ni sumaku.

Kila elektroni ni kama kasumaku kadogo kanachoelekea juu ama chini. Wataalamu wanaita hali hiyo spini. Katika oksidi hizi za shaba, kabla hujazichezea, kila atomi ya shaba ina spini moja, na jirani anaelekea kinyume. Juu, chini, juu, chini. Kama umewahi kuona shamba la Trans Nzoia lililopandwa mseto, ni mstari wa mahindi, mstari wa maharagwe, mahindi, maharagwe, hadi mwisho wa shamba. Mpangilio huu ni mkali sana, na katika hali hiyo kitu chenyewe hakipitishi stima kabisa.

Halafu unang'oa mimea michache. Yaani unabadilisha kemia kidogo ili elektroni chache ziondoke, na sasa kuna mashimo shambani. Zilizobaki zinaweza kuruka kuingia kwenye mashimo, na kila zikiruka zinavuruga mpangilio. Ukizidisha kidogo, mpangilio wa sumaku unakufa, na superkondakta inazaliwa hapo hapo. Ni kama nyumba ambayo baba akitoka, mtoto anaingia. Lazima wana uhusiano.

Mwaka wa 1987 Philip Anderson wa Princeton alikuwa tayari ametoa hoja kwamba siri imo kwenye sumaku. Mwaka wa 1988 Fu-Chun Zhang na Maurice Rice wakaonyesha jinsi ya kuandika fumbo hili kwa herufi mbili tu, t na J. Herufi t ni urahisi wa elektroni kuruka kutoka atomi moja hadi nyingine. J ni nguvu ya majirani kulazimishana kuelekea kinyume. Hiyo J iweke akilini, tutairudia tukifika Kakamega.

Sasa swali la polisi: mpangilio ukishavurugika, je, nguvu ya sumaku inaisha, ama inabaki imejificha? Upepo ukipiga shamba la mahindi, unaona wimbi likipita juu. Kwenye shamba la spini pia, ukigeuza moja, jirani anasikia, na jirani wa jirani, na wimbi linasafiri. Wimbi hilo linaitwa magnoni. Kama magnoni zipo hata ndani ya superkondakta, basi huenda ndizo gundi. Kama hazipo, mshukiwa anaachiliwa.

Kwa miaka mingi chombo cha kuziona kilikuwa miale ya neutroni, inayotoka kwenye kinu cha nyuklia. Inafanya kazi, na tulijifunza mengi kupitia kwayo. Lakini neutroni zinahitaji fuwele kubwa, na kwa aina nyingi za oksidi hizi, fuwele kubwa hazipatikani. Tena ilikuwa shida kuona mawimbi yenye nishati ya juu. Ushahidi ukawa nusu nusu.

Eksirei kama M-Pesa

Hapa ndipo eksirei inaingia. Form four unafundishwa eksirei: Röntgen 1895, picha ya mifupa, maswali mawili matatu ya KCSE, basi. Kumbe ndio utangulizi tu.

Fanya hivi. Unatuma pesa kwa M-Pesa. Ukituma 931 na ikafika 930.7, utauliza, hiyo 0.3 imeenda wapi? Mtu ameikata njiani. Sasa ukijua kila mkataji hukata kiasi gani, unaweza kumtambua kwa makato yake hata bila kumwona.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Unarusha eksirei yenye nishati ya karibu elektronivolti 931 kwenye oksidi ya shaba. Nambari hiyo haijachaguliwa ovyo, kwani ndiyo inayoamsha elektroni za ndani za atomi ya shaba, na ukiikosa, shaba inakupuuza. Elektroni ya ndani inarushwa juu, na papo hapo nafasi yake inazibwa na nyingine, na eksirei inatoka tena. Katika ule muda mfupi mno kati ya kuingia na kutoka, spini ya atomi inaweza kupinduliwa. Ikipinduliwa, wimbi la sumaku limeanza, na nishati yake imekatwa kutoka kwa eksirei. Unapima kilichotoka, unatoa kwenye kilichoingia. Ile tofauti ndiyo magnoni. Ukibadilisha pembe ya kupigia, unajua pia urefu wa wimbi.

Rahisi kusema, ngumu kufanya. Magnoni hizi hazizidi elektronivolti 0.3 hivi. Kuzitambua ndani ya 931 kunataka kipimo chenye usahihi wa sehemu moja kwa maelfu. Pia unataka miale mikali kupita kiasi, kwa sababu eksirei nyingi zinapotea bure. Miale kama hiyo inatoka kwenye sinkrotroni, mashine ya duara yenye mzingo wa mamia ya mita, ambamo elektroni zinazungushwa karibu na kasi ya nuru. Kila zikipindishwa na sumaku, zinamwaga mwanga. Hospitali yako haina hiyo.

Timu ya Waitalia wakiongozwa na Lucio Braicovich na Giacomo Ghiringhelli, kutoka Milano, ilitumia miaka kutengeneza kipimo chenyewe, wakakifunga kwenye sinkrotroni ya Uswisi huko Villigen. Mwaka wa 2009, wao pamoja na wananadharia kama Luuk Ament na Jeroen van den Brink walionyesha kwa hesabu kwamba njia hii inaweza kweli kuona magnoni moja moja kwenye oksidi za shaba. Kabla ya hapo wengi hawakuamini.

Walichokiona

Mwaka wa 2010 Braicovich na wenzake walipima oksidi ya shaba na lanthanamu, ile jamii ya Bednorz na Müller. Magnoni zilikuwepo, wazi kabisa. Mwaka wa 2011, Mathieu Le Tacon na timu iliyohusisha ile ile Max Planck ya Stuttgart walipima familia nzima ya oksidi za aina ya 1987, kutoka zisizo na mashimo mengi hadi superkondakta zilizoiva kabisa. Mawimbi ya sumaku hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamechoka kidogo na kupanuka, lakini nishati na nguvu yake vilikuwa karibu vile vile. Mahindi yameng'olewa na upepo bado unaonekana shambani. Wakachukua vipimo hivyo, wakavitia kwenye mlinganyo wa kuunganisha jozi, na wakapata halijoto ya superkondakta iliyokaribia ile halisi, si zaidi ya mara mbili juu au chini. Kwa fumbo la miaka 25, hiyo ilikuwa kubwa.

Kesi imeisha? Wapi! Mwaka wa 2013, Mark Dean na wenzake wa Brookhaven, Marekani, waliendelea kuongeza mashimo hadi superkondakta yenyewe ikafa. Magnoni za nishati ya juu bado zilikuwepo. Kwa hivyo mshukiwa alikuwa eneo la tukio, lakini pia alikuwepo mahali ambapo hakuna tukio lililofanyika. Hilo halimwondolei lawama. Linatuambia tu kwamba kuwepo kwake peke yake hakutoshi, na pengine mawimbi ya nishati ya chini ndiyo yanayoamua, ama kuna mwenzake.

Napenda sana hii sehemu ya historia. Linganisha na LK-99. Huku watu wameona walichokuwa wanatafuta, halafu bado wakaenda kupima mahali ambapo wazo lao lingeweza kuvunjika. Hiyo ndiyo sayansi, na video ya sekunde 15 haiwezi kukuonyesha.

Huku kwetu sasa

Sasa toka Kitale, shuka barabara ya Webuye. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii. Endelea hadi Kakamega, kuna Masinde Muliro, MMUST. Ukipanda upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, zamani Chepkoilel. Ukiuliza kijana yeyote wa Kitale vyuo hivi vinajulikana kwa nini, atakuambia ualimu, uuguzi, labda migomo.

Wachache wanajua kwamba kwa miaka sasa, wanafizikia wa ukanda huu wamekuwa wakichapisha makala kuhusu hili hili fumbo la oksidi za shaba. Kutoka MMUST na vyuo jirani zimetoka kazi za nadharia zilizojengwa juu ya ule mfumo wa t na J, wakiuongezea vipande vyao. Kutoka Kibabii imetoka kazi inayouliza kama gundi ni mawimbi ya chaji, yaani plazmoni, badala ya sumaku. Na mwaka wa 2012, Chepkoilel iliandaa ASESMA, shule ya Afrika ya kuhesabu tabia za elektroni ndani ya mata, na wanafunzi na walimu wakaja Eldoret kutoka pande nyingi za bara na dunia. Ile Eldoret unayoijua kwa wakimbiaji.

Hii sio hadithi ya kujipa moyo. Hawa watu wanafanya kazi kwenye swali lile lile la Princeton na Stuttgart. Lakini angalia kitu kimoja: karibu yote ni nadharia. Karatasi, kalamu, kompyuta.

Kwa nini? Mwananadharia wa Kakamega anapoandika J kwenye mlinganyo wake, lazima aweke nambari. Kwenye oksidi hizi, J ni karibu elektronivolti 0.13. Nambari hiyo haikutoka Kakamega. Imetoka kwa watu walio na kinu cha neutroni ama sinkrotroni. Na akipata wazo jipya linalosema "pima hapa, kwa pembe hii, utaona kitu ambacho hakuna aliyekitegemea," hawezi kuamka kesho akapime. Anasubiri mtu wa Villigen ama Grenoble apendezwe nalo. Asipopendezwa, wazo linakaa kwenye jarida hadi vumbi liliote.

Ni Onnes tena. Badala ya heliamu ya Leiden, sasa ni mwanga.

Tochi iko wapi?

Duniani kuna sinkrotroni za kutoa mwanga zaidi ya 50. Ulaya, Amerika, Asia, hata Australia. Afrika, sifuri. Ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu ambalo halina hata moja.

Na usiniambie hatuna malighafi. Oksidi za shaba zinaanza na shaba, na Katanga huko Kongo walikuwa wakiyeyusha shaba na kuitengeneza misalaba ya kutumia kama pesa karne nyingi kabla mzungu hajafika na ramani. Leo Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani. Heliamu ya kupoza sumaku? Mwaka wa 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa, Tanzania, huenda lina futi za ujazo bilioni 54. Mashine za MRI hospitalini zinategemea superkondakta zilizopozwa kwa heliamu. Shaba inatoka kwetu, heliamu ipo kwetu, halafu jibu la jinsi shaba inavyofanya kazi tunalisoma kwenye jarida la kulipia.

Kuna watu wanaopigania hili. Novemba 2015 kongamano la kwanza la mradi wa Mwanga wa Afrika lilifanyika Grenoble, Ufaransa, na la pili likaja Accra, Ghana, mwaka wa 2019. Mmoja wa waliosukuma sana juhudi za kufungulia Waafrika milango ya mashine hizi ni Sekazi Mtingwa. Alizaliwa Atlanta, Marekani, akiitwa Michael Von Sawyer, akachagua jina la Kiafrika. Mwaka wa 1983, yeye na James Bjorken walieleza jinsi chembe ndani ya mwale zinavyogongana zenyewe kwa zenyewe na kuutanua. Wanaobuni mashine hizi ulimwenguni bado wanatumia hesabu hiyo. Ona hiyo kinaya: hesabu inayosaidia kujenga sinkrotroni za wengine imebeba jina la Kiafrika, na Afrika yenyewe haina sinkrotroni.

"Lakini hatuna hata dawa hospitalini"

Najua hii inakuja, na ni hoja ya haki. Mtu anayepanga foleni tangu alfajiri pale hospitali ya kaunti hawezi kufurahia kusikia habari za magnoni. Mashine hizi zinagharimu mamia ya mamilioni ya dola. Na nisikudanganye: superkondakta haitaondoa giza la Kenya kesho. Stima yetu inapotea kwa nyaya zilizochoka, transfoma zilizozidiwa na watu wanaounganisha kisiri. Kule Essen, Ujerumani, walizika kebo ya superkondakta ya kilomita moja mwaka wa 2014 na ikafanya kazi, lakini hiyo ni kilomita moja ndani ya mji tajiri. Huku bado kuna vijiji vinangoja nguzo.

Lakini sikiliza. Kwanza, sinkrotroni si ya superkondakta pekee. Mwanga ule ule unasoma umbo la virusi, mbegu, udongo, mifupa ya kale. Nchi iliyo na Turkana na visukuku vyake, iliyo na mlima Elgon na virusi vya Marburg vilivyowahi kuhusishwa na pango la Kitum, haikosi cha kupima.

Pili, si lazima kila nchi ijenge yake. Yordani kuna SESAME, iliyofunguliwa rasmi Mei 2017. Ilianza na vipande vya mashine ya zamani ya Berlin. Wanachama wake ni pamoja na Israeli, Palestina, Iran, Uturuki, Misri na Pakistan. Watu ambao hawawezi kunywa chai meza moja wanagawana mwale mmoja. Na tangu 2019 inaendeshwa kwa stima ya jua. Sasa niambie Afrika Mashariki, yenye mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana, inashindwa na nini kuingia kwenye mradi wa pamoja.

Tatu, tayari tuliahidi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuipangia asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujawahi hata kukaribia. Kwa hivyo hapa siombi zawadi. Nauliza deni.

Na dawa hospitalini? Wanaoiba pesa za dawa hawaziibi ili wajenge maabara. Tusikubali tuambiwe tuchague kati ya dawa na tochi wakati mwizi amebeba zote mbili.

Kabla ya hiyo siku

Kama uko form four, ama umeingia mwaka wa kwanza Kibabii, kuna mambo hayahitaji kungoja serikali. Programu za kuhesabu tabia za elektroni, kama Quantum ESPRESSO, ni za bure na zinaanza kufanya kazi hata kwenye laptopu ya kawaida. ASESMA bado ipo na inachukua vijana wa Afrika. Mpango wa LAAAMP umekuwa ukipeleka mwalimu na mwanafunzi wake kwenye sinkrotroni za nje kwa miezi miwili. Na sinkrotroni ya Grenoble ina sera ya kufungulia umma data zake baada ya miaka mitatu. Maana yake, kuna vipimo ambavyo mtu amevifanya, ameviacha hapo, na wewe unaweza kuvipakua ukiwa Bungoma na kuona kitu ambacho mwenyewe hakukiona. Ni kuazima tochi, sawa. Lakini anayejua kutumia ya kuazima ndiye atakayejua ya kununua ikifika.

Siku nyingine kutatokea LK-99 nyingine, hilo nina uhakika nalo. Video itasambaa, watu watapiga kelele, na ndani ya wiki tatu mtu atakipima na kutoa jibu. Ningependa safari hiyo, kati ya maabara zitakazotoa jibu, moja iwe na anwani ya huku.